Milimita Tatu Nyuma ya Jicho

Fumba macho, Hermelinda.
Husemwa macho hayana pazia.
Yako leo yanayo, na nitapita papo hapo,
juu ya kope, kwa jeli
niliyoipasha kwanza kwapani mwangu,
maana huku kambini, mita elfu tano juu ya bahari usiyowahi kuiona,
hata maji ya chai huchemka kabla ya kupata moto wa maana.

Sitabonyeza. Jicho si kengele ya mlango.
Kiganja naegemeza kwenye paji la uso wako
kama fundi saa aegemezavyo chake mezani,
kifimbo cha mashine kikigusa kama hakigusi,
na sauti asiyoisikia mtu wala mbwa
inaingia gizani, inapiga hodi,
inarudi na chochote ilichojibiwa.

Fuvu halina dirisha.
Daktari wa kulitoboa yuko Arequipa,
mwendo wa saa tisa kama njia ni nyeupe,
na tangu Jumanne wamepanga mawe na matairi pale Juliaca.
Wana haki yao. Narudia, wana haki yao,
ila damu haisomi mabango.

Basi naazima jicho.
Nyuma yake iko neva, imevikwa ala
kama kisu,
na ndani ya ala ni maji yale yale yazungukayo ubongo:
kichwa kikielemewa, ala hututumka.
Kikulacho ki nguoni mwako.
Mimi napima nguo.

Kiooni: kisima cheusi, cha duara.
Chini yake, mkia wa giza.
Nashuka milimita tatu, nasimamisha picha,
natia nukta huku, natia nukta kule.

Miaka kumi na minne umeinama juu ya kifusi cha mgodi,
jiwe baada ya jiwe, vidole vimepasuka,
ukitafuta mng'ao mdogo kuliko yai la chawa.
Jana jiwe moja likakuokota wewe.
Leo ni mimi ninayechambua,
na ninachokitafuta haking'ai.

Saturnino yuko mlangoni, kofia kaikunja hadi imekuwa soksi.
"Hiyo inaonyesha anachowaza?"
Hapana, namwambia. Upana tu.
"Tuligombana asubuhi. Kwa ajili ya mtungi wa gesi."
Upana tu, Saturnino.
Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesamehewa
au aliyenyimwa, sikujua lipi.

Kulia, tano nukta tatu.
Kulia tena, kifimbo nimekigeuza: tano nukta sita.
Kushoto, tano nukta nane.
Kitabu changu kinasema tano ndio mpaka.
Cha mwenzangu wa Puno kinakaribia sita.
Kati ya vitabu viwili amelala mke wa mtu.

Nami sijaliona shinikizo lenyewe.
Nimeona nyayo, nakisia uzito wa mnyama.

Tukatia matofali chini ya miguu ya kitanda, upande wa kichwa.
Chumvi kali ikaanza kudondoka mshipani.
Akili ni nywele; zako zimesukwa mikia miwili,
imefungwa pamoja kwa uzi mweusi wa sufu,
na hakuna wembe uliozigusa.

Saa tisa usiku, jeli tena. Kushoto, tano nukta sita.
Saa kumi na moja, tano nukta sita.
Huenda imeshuka. Huenda ni mkono wangu, na baridi.
Niliandika namba na saa, sikuandika huenda.

Nilikuwa nakufuta kope kwa pamba
uliposema, macho yamefumbwa bado,
kwa sauti ya mtu aliyekatizwa katikati ya neno:
"Mtungi umejazwa?"

Saturnino akatoka nje mbio, bila kofia,
kwenye theluji,
kuutafuta.